Ujumuishaji wa wafanyakazi wenye ulemavu nchini Tanzania

Ujumuishaji wa wafanyakazi wenye ulemavu ni jumla ya hatua zinazomwezesha mtu mwenye ulemavu kuomba kazi, kuajiriwa, kufanya kazi yake vizuri, kupandishwa cheo na kustaafu kwa masharti sawa na wafanyakazi wengine. Hatua hizo zinahusu majengo, vifaa, ratiba, mawasiliano, usafiri na pia mwenendo wa wakubwa na wenzake kazini.

Nchini Tanzania suala hili linasimamiwa hasa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Hata hivyo, Watanzania wengi hawafanyi kazi chini ya waajiri wa namna hiyo. Wanalima, wanafuga, wanafanya biashara ndogo au wanafanya vibarua vya msimu. Kwa sababu hiyo ujumuishaji hauwezi kupimwa kwa mgawo wa sheria peke yake. Unategemea pia kama kazi yenyewe, mahali inapofanyikia, imepangwa ili mtu mwenye ulemavu aweze kuifanya.

Maana na istilahi

Ulemavu hutokana na mambo mawili yanapokutana: hali ya mwili au akili ya mtu, na vizuizi vinavyomzunguka. Karani anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuandika hesabu kama karani mwingine yeyote. Kinachomzuia ni ngazi tatu za mlangoni. Mtazamo huu ndio uliomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006.

Maneno ya Kiswahili yanayotumika yamebadilika pia. Maneno ya zamani kama kilema, kiwete na kipofu yamo katika ngeli ya ki-vi, ambayo kwa kawaida ni ngeli ya vitu. Siku hizi sheria na maandishi ya serikali hutumia "mtu mwenye ulemavu", "asiyeona" na "mtu mwenye ualbino". Lakini viziwi wengi wameendelea kujiita viziwi, na neno hilo limo katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA). Mahali pa kazi, kanuni iliyo rahisi ni kumwuliza mhusika mwenyewe anapenda kuitwaje.

Marekebisho mwafaka ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa, yasiyomletea mwajiri mzigo uliopita kiasi, yanayofanywa kwa ajili ya mtu fulani ili aweze kutumia haki zake sawa na wengine. Kwa mujibu wa mkataba huo, kukataa kufanya marekebisho hayo ni ubaguzi.

Takwimu

Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini Tanzania walikuwa na ulemavu. Katika sensa ya mwaka 2012 kiwango kilikuwa asilimia 9.3, na katika sensa ya mwaka 2022 kilikuwa asilimia 11.2. Tofauti hizo hazimaanishi lazima kwamba ulemavu umeongezeka kwa kasi hiyo, kwa kuwa namna ya kuuliza maswali na utayari wa watu kujibu huathiri hesabu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa.

Historia

Milango ya ajira ilianza kufunguka kupitia elimu. Shule ya wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Baadaye serikali ilifungua vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, vikiwemo Yombo (Dar es Salaam), Mirongo (Mwanza), Luanzari (Tabora), Masiwani (Tanga), Mtapika (Masasi) na Singida. Huko walifundishwa ufundi kama vile ushonaji, useremala na kilimo.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili: Na. 2 ya 1982 kuhusu ajira, na Na. 3 ya 1982 kuhusu matunzo. Ile ya ajira iliweka mgawo wa asilimia 2 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi.

Mwaka 1992 vyama vya watu wenye ulemavu viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA). Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu wenye Ulemavu ilitolewa mwaka 2004. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 2009, na mwaka 2010 sheria mpya ikachukua nafasi ya zile za 1982.

Katika miaka hiyo baadhi ya watu wenye ulemavu walishika nafasi za juu katika utumishi wa nchi. Mwaka 2010 Salum Khalfan Barwany, mwenye ualbino, alichaguliwa kuwa mbunge wa Lindi Mjini. Mwaka 2015 Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma, aliteuliwa kuwa naibu waziri, na mwaka 2017 akawa balozi nchini Ujerumani.

Sheria zinazotumika

Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya kufanya kazi katika ibara ya 22 na haki ya ujira wa haki bila ubaguzi katika ibara ya 23.

Mgawo wa asilimia 3 umo katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu kama ilivyopitishwa mwaka 2010. Hesabu yake inahitaji uangalifu. Asilimia 3 ya wafanyakazi 20 ni 0.6, yaani haifiki mtu mmoja. Mtu mmoja kamili hutimia wafanyakazi wanapofika 34. Mwajiri mwenye wafanyakazi 100 anatakiwa kuwa na watu 3, na mwenye wafanyakazi 2,000 awe na watu 60.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi mbalimbali, ukiwemo ulemavu. Katazo hilo linamlinda pia anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukuwepo. Si ubaguzi mwajiri kuchagua kwa kuzingatia sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Kwa mfano, dereva wa lori anatakiwa aone. Lakini kutaka kila mwombaji wa kazi ya ofisini awe na leseni ya udereva kunawaondoa wasioona bila sababu ya kazi.

Mfanyakazi anayepata ulemavu akiwa kazini analindwa na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Kabla ya kumwachisha kazi kwa ugonjwa au majeraha, mwajiri anapaswa kuchunguza kama mazingira ya kazi yanaweza kurekebishwa, kama majukumu yanaweza kupunguzwa au kubadilishwa, au kama ipo kazi nyingine inayomfaa. Aliyeumia kazini hudai mafao katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mafao hayo ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, na huduma za utengamao.

Migogoro hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro kuhusu kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Muda huo ni mfupi, hasa kwa mtu aliye mbali na ofisi za tume au anayehitaji mkalimani. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda.

Katika utumishi wa umma, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwahimiza watu wenye ulemavu kuomba na kutaja ulemavu wao katika mfumo wa maombi. Upo pia mwongozo wa mwaka 2008 kuhusu huduma kwa watumishi wa umma wenye ulemavu.

Sheria hizo za ajira na ya watu wenye ulemavu ni za Tanzania Bara. Zanzibar ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na nyingine mpya mwaka 2022.

Marekebisho mahali pa kazi

Marekebisho mengi hayahitaji fedha nyingi. Hutofautiana kulingana na mtu na kazi yake.

Kwa mwenye ulemavu wa viungo: mteremko badala ya ngazi, mlango mpana, choo chenye nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu na chuma cha kushikilia, meza ya urefu unaofaa, na ofisi ya chini katika jengo la ghorofa. Kipimo kinachotumika sana kwa mteremko ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda iwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 45 kwa jumla huhitaji basi mteremko wa mita 5.4. Mteremko mfupi na mkali huwa hatari kuliko kutokuwa nao.

Kwa asiyeona: nyaraka za nukta nundu au za kielektroni, fimbo nyeupe, njia zisizowekwa vitu ovyo, na kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Programu ya NVDA hutolewa bure, na sauti iliyomo inaweza kusoma Kiswahili.

Kwa mwenye uoni hafifu: maandishi makubwa, mwanga wa kutosha usiomulika machoni, na lenzi ya kukuzia.

Kwa kiziwi: mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania katika usaili na mikutano, maagizo ya maandishi, ujumbe wa simu badala ya kupigiwa, na taa ya tahadhari mahali penye king'ora. Wenzake wakijifunza hata alama chache za kazi, utegemezi wa mkalimani hupungua.

Kwa mtu mwenye ualbino: kazi ya kivulini au ratiba inayokwepa jua kali, kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia mionzi ya jua, na maandishi makubwa kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu.

Kwa mwenye ulemavu wa akili: kazi iliyogawanywa katika hatua fupi, maelekezo ya vitendo, na mtu mmoja anayejulikana wa kumwuliza.

Kwa mwenye ulemavu wa afya ya akili: ratiba inayotabirika, ruhusa ya kwenda kliniki, na usiri wa taarifa zake.

Jambo la kwanza katika yote ni kumwuliza mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri anayenunua kifaa bila kuuliza huweza kununua kisichotumika. Mtu aliyezaliwa na ulemavu ameshabuni njia nyingi za kufanya kazi ambazo mwajiri hazijui.

Vizuizi

Kizuizi cha kwanza ni elimu: asiyefika sekondari hana cheti cha kuombea kazi za ofisini. Cha pili ni tangazo la kazi lenye masharti yasiyohusiana na kazi, au lililobandikwa ukutani tu ambako asiyeona hawezi kulisoma. Cha tatu ni usaili usio na mkalimani. Cha nne ni usafiri, kwani mtu anaweza kupata kazi akashindwa kufika. Cha tano ni dhana za waajiri kwamba mfanyakazi mwenye ulemavu ataleta gharama, atakuwa mgonjwa mara kwa mara au atawafukuza wateja.

Kipo pia kizuizi kisichoonekana. Mtu huajiriwa ili kutimiza hesabu, kisha hapewi kazi ya maana, hapelekwi mafunzoni na hapandishwi cheo. Mahali pa namna hiyo mgawo umetimizwa, lakini ujumuishaji haujafanyika.

Mahali pa kazi vijijini: mfano wa Shishiyu

Shishiyu ni kata ya Wilaya ya Maswa katika Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo, wenye makao makuu Bariadi, uliundwa mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma, na Simiyu ni kati ya mikoa inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Kata ya kilimo ya aina hii inaonyesha mipaka ya sheria ya mgawo.

Katika kata ya vijijini ajira ya mshahara hupatikana hasa shuleni, katika zahanati na katika ofisi za watendaji. Hapana hata mahali pamoja kati ya hapo panapohesabiwa peke yake. Watumishi hao huhesabiwa chini ya halmashauri ya wilaya, ambayo ndiyo yenye mamia ya wafanyakazi. Kwa hiyo halmashauri inaweza kufikisha asilimia 3 kwa kuwaweka wote makao makuu, huku shule na zahanati za kata zikibaki na ngazi na vyoo vilevile. Inawezekana pia mwalimu mwenye ulemavu akapangiwa shule ya mbali isiyo na nyumba karibu. Marekebisho ya kwanza anayoyahitaji huwa ni kituo cha kazi kinachomfaa.

Kazi ya wakazi walio wengi ni shamba, na mgawo hauligusi. Pamba hupandwa mvua zinapoanza, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba. Hupaliliwa, hupuliziwa viuatilifu, na huvunwa kwa mkono kuanzia miezi ya Mei na Juni. Kisha hupelekwa kupimwa na kuuzwa katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS). Kila hatua ina nafasi yake kwa mtu mwenye ulemavu. Kiziwi anaweza kulima, kupalilia na kuvuna bila marekebisho yoyote, ila anahitaji bei na makato yaandikwe ubaoni, si kutangazwa kwa mdomo tu. Mwenye ulemavu wa miguu anaweza kuwa karani wa mizani ikiwa mizani na meza vipo mahali anapofika. Asiyeona anaweza kuchambua pamba safi na chafu kwa kupapasa, na katika mauzo anahitaji mtu anayemwamini wa kumsomea kipimo.

Mtu mwenye ualbino yuko katika hali ngumu zaidi. Palizi hufanyika juani, na jua la miaka mingi bila kinga huleta saratani ya ngozi. Ushauri wa kawaida ni kufanya kazi alfajiri na jioni. Lakini katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, na saa zisizo na jua ndizo saa ambazo mtu huogopa kutembea peke yake. Ratiba inayoilinda ngozi inaweza basi kumweka mtu mwenyewe hatarini. Marekebisho yanayofaa hapa ni ya jamii nzima: kwenda shambani kwa vikundi, kumpa kazi za kivulini kama kutunza kumbukumbu za AMCOS au ghala, na kuhakikisha mafuta ya ngozi yanapatikana katika zahanati iliyo karibu.

Njia nyingine ni kujiajiri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro kubainika katika ukaguzi, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Halmashauri za vijijini zina mapato madogo, na katika maeneo ya pamba mapato hayo hupanda na kushuka pamoja na zao hilo. Mwaka wa mavuno mabaya hupunguza basi mkopo na soko kwa wakati mmoja.

Mifano ya mahali pa kazi jumuishi

Neema Crafts, mjini Iringa, kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana. Kilianza na vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi kwa kutumia kinyesi cha tembo. Baadaye kilikua na karakana za ufumaji, ushonaji na kazi nyingine za mikono. Katika mkahawa wake wahudumu ni viziwi, na mteja huandika anachotaka au hujifunza alama zake. Hapo mteja ndiye anayezoea mawasiliano ya mfanyakazi.

Shanga, jijini Arusha, hugeuza chupa zilizotumika na taka nyingine kuwa vyombo, mapambo na shanga. Wengi wa mafundi wake ni watu wenye ulemavu.

Karakana za namna hii zimeonyesha ubora wa kazi ya watu wenye ulemavu. Hata hivyo, kuwa na mahali maalumu si sawa na kuingia katika ofisi, viwanda na shule za kawaida, ambako ndiko ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inakoelekeza: soko la ajira lililo wazi na jumuishi.

Nchi nyingine

Mgawo wa ajira ulienea Ulaya baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa. Leo Ujerumani inataka asilimia 5 na Ufaransa asilimia 6 kwa waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, na asiyetimiza hulipa mchango maalumu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataka nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika taasisi za umma zifikie hatua kwa hatua asilimia 5 kwa watu wenye ulemavu. Uganda ilitunga sheria mpya ya watu wenye ulemavu mwaka 2020.

Mjadala

Wanaotetea mgawo husema kwamba bila namba mwajiri hana cha kuhesabiwa. Wanaoukosoa husema namba huhesabu watu waliomo, haihesabu kama wanafanya kazi inayolingana na uwezo wao, wala haiwafikii wakulima na wafanyabiashara wadogo. Hoja hizi mbili hazipingani. Mgawo humfikisha mtu mlangoni mwa mwajiri mkubwa, na marekebisho mwafaka humwezesha kubaki na kufanya kazi. Katika kata kama Shishiyu, ambako waajiri wakubwa ni wachache, mahali pa kuanzia ni mizani ya pamba, ngazi za zahanati, choo cha shule na njia ya kwenda shambani.